Duveti ya kujishonea kwa vitu vya zamani: ujaze nini ndani, kava ufunge na nini

Mi ni mtoto wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Kwetu usiku mtu anajifunika shuka moja tu, na ikifika saa nane hilo shuka lenyewe utalikuta miguuni. Sasa mtu wa hivyo akapata kazi ya kufundisha Kiswahili huku Kabale, milimani kusini magharibi. Kabale iko juu kama mita 2,000 hivi, Kampala ni kama 1,200, na hizo 800 za katikati utazisikia kwenye mifupa mwezi wa sita na wa saba, mawingu hakuna, usiku joto linashuka mpaka karibu nyuzi 10 na asubuhi ukungu umekaa kwenye mabonde kama maziwa kwenye bakuli. Usiku wa kwanza nililala na sweta mbili, soksi na kitambaa kichwani. Mama mwenye nyumba aliponiona asubuhi akacheka, akasema "Mwalimu, huku blanketi moja ni la mgeni anayeondoka kesho."

Bei ya duveti mpya dukani (lile blanketi nene lililojazwa, la kuvalishwa kava) nikaiangalia, mshahara nikauangalia, nikageuza nikaenda kwenye mivumba (mitumba, kwa nyie wa Kenya na Tanzania). Tangu hapo nimeshona duveti nne zenye kava la kuvua, ya kwanza ilikua janga, ya pili nzuri, ya tatu ya mtoto wa shule, ya nne nilimtumia mama. Watu wakiniuliza ipi bora kati ya kujaza vitambaa, blanketi kuukuu au ile pamba ya mito, mi nawauliza kwanza kamba yenu ya nguo iko wapi na ina urefu gani. Wanadhani nimekwepa swali. Sijakwepa, maana joto karibu kila kitu kitakupa, ni hewa tu iliyonaswa ndani haitoki, hata magazeti yatakupa joto. Kazi iko siku unapofua.

Nianze na hiyo ya janga basi.

Fundi mmoja wa varanda hapa mjini, hawa wenye cherehani za miguu mbele ya maduka, alinipa gunia zima la vipande vya nguo, bure, alikua anavichoma. Nikaona nimepata. Nikakaa wiki mbili kila jioni na mkasi nakata vipande vidogo vidogo kama vya kachumbari, nikashona mfuko wa mashuka mawili, nikajaza, nikapiga mishono. Joto lilikuepo, siwezi kudanganya. Lakini ilikua nzito kama mtu amekulalia juu, vipande vyote vinakimbilia pembeni, asubuhi katikati unakuta ngozi tu na chini kuna kilima. Nikavumilia. Mwezi wa kumi ikamwagikiwa na chai ya maziwa, nikasema wacha nifue, na mwezi wa kumi Kabale ni mvua, si mvua ya kuja na kuondoka, ni mvua ya kukaa. Hiyo kitu ikiwa na maji tulikua wawili kuitoa kwenye beseni. Tulipoitundika kamba ikakatika, tukaianika kwenye ua wa miti, siku ya nne bado inachuruzika, siku ya saba imeanza kunuka kama mbwa aliyenyeshewa. Nikaipasua, nikatoa vitambaa nikavigeuza matambara ya kudeki, mashuka nikabaki nayo.

Kwa hiyo sababu ni hii. Pamba, nguo za pamba namaanisha, inakunywa maji na kuyashika. Polyester yenyewe nyuzi zake karibu hazinywi kitu, maji yanakaa tu katikati ya nyuzi, ukiitundika yanashuka. Sufu inakunywa hata kuliko pamba ila ina maajabu yake, ikiwa na unyevu kidogo bado inakupa joto. Kama una jua la Arua au Gulu, duveti ya vitambaa itakauka siku mbili na hutaona shida. Ila mwenye jua la Gulu anatafuta duveti ya nini jamani?

Sasa tuweke pembeni kwa pembeni.

Blanketi kuukuu ndo chaguo langu, nalisema mapema ili usije ukadhani sina upande. Unachukua mablanketi mawili yaliyochakaa, yale ya fliisi (kitambaa laini chenye manyoya, cha polyester) ya mivumba au hata lile la kijivu la mkwaruzo ambalo kila mtu aliyepita shule ya bweni analijua, unayalaza moja juu ya lingine, yenye matundu unayaziba na kiraka au unapanga tundu la moja liangukie sehemu nzima ya lingine. Hapo tayari una tumbo la duveti, yaani ile sehemu ya ndani ya kava, kitu kinachokaa mahali pake. Hakuna kukimbilia pembeni, hakuna vilima. Unachohitaji ni kufunga vifundo tu ili tabaka mbili zisiteleze. Ubaya wake ni kwamba haliwi lile duveti la kuvimba kama mkate, linakaa bapa, linakufuata mwili, wengine hawapendi, wanasema ni blanketi tu limevalishwa gauni. Ni kweli. Lakini kwenye baridi bapa si mbaya, linaziba pale shingoni na mabegani ambapo duveti ya kuvimba inaacha mlango wa upepo. Na kukausha, la fliisi linamaliza siku moja hata jua likiwa la kubembeleza. La sufu siku mbili, tatu.

Faiba ya mito ni ile nyeupe kama pamba lakini si pamba, ni polyester, unaipata kwenye mito iliyochoka, kwenye madoli makubwa ya mivumba, kwenye majaketi ya baridi yaliyochanika, hata kwenye duveti za mivumba zilizopasuka ambazo wauzaji wanaziacha kwa bei ya kutupa. Nyepesi, inavimba, inakauka haraka. Hesabu ni rahisi, duveti ya sentimita 150 kwa 200 ni mita za mraba 3, ukiweka gramu 300 kila mita unapata gramu 900, na mto mmoja wa kawaida una kama nusu kilo ndani, kwa hiyo mito miwili inatosha kwa unene wa kawaida na mitatu kwa Kabale. Shida ni kwamba faiba ya mto iliyolaliwa miaka mitano imeshajikunja mabonge mabonge, unatakiwa uichambue kwa vidole bonge kwa bonge, na hiyo kazi nakwambia itakula wikendi mbili na redio itaisha betri. Ukiiweka na mabonge yake umerudi kwenye janga langu la kwanza, ila jepesi. Alafu moto. Faiba hii ikishika moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi, kwa hiyo nyumba ambayo umeme ukikatika mnawasha mshumaa au tadooba (koroboi) karibu na kitanda, mi nisingeiweka hapo. Blanketi la sufu lenyewe linaungua kwa uvivu.

Na hapa mwalimu wa Kiswahili lazima aingilie kidogo, mnisamehe, maana watu wanachanganya sufi na sufu. Sufu ni manyoya ya kondoo, ndo mablanketi na sweta. Sufi ni zile nyuzi laini za ndani ya tunda la msufi, zinazojazwa kwenye mito ya zamani. Ukipata mto wa bibi wenye sufi usifikirie duveti ya kufua, sufi ikilowa inashikana, haiamki tena kama mwanzo. Kwa duveti ambayo tumbo lake halitaona maji kabisa, unaianika tu juani, sawa, ni nyepesi ajabu. Mi sikujaribu, niliogopa watoto wa jirani na vikombe vyao.

Sweta kuukuu za sufu ni mchezo mwingine na kwa kweli ni mtamu. Unazifua makusudi vibaya, maji ya moto, sabuni nyingi, unasugua, zile ambazo ni sufu kweli zinajikunja na kua nene, zimeshikamana, ukikata hazifumuki. Unakata miraba ya sentimita 25, unaunganisha kama mkeka. Inatoka kitu kizito kidogo, chenye joto kuliko vyote nilivyotaja, lakini unahitaji sweta kama kumi na tano kwa duveti ya mtu mmoja, na nusu ya zinazouzwa kama sufu ni akriliki (uzi wa kiwandani), hizo hata uzichemshe hazibadiliki. Soma lebo ya ndani ya shingo. Kama imekatwa, chomoa uzi mmoja uuchome, sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, akriliki na polyester zinafanya tone gumu.

Sponji ya godoro, ile ya kukatakata, sahau. Inashika maji kama sponji (ndo jina lake), ikizeeka inamomonyoka unga wa njano, na inaungua vibaya. Wacha ibaki kwenye mito ya makochi.

Kabla hujakata chochote cha ndani, tafuta kava kwanza. Hili nililijifunza kwa duveti ya pili, nilishona tumbo zuri la 160 kwa 190 alafu nikazunguka soko zima hakuna kava la hivyo, ikabidi nishone kava kutoka mwanzo wakati makava mazuri ya mivumba yalikuepo tele. Makava mengi yanayokuja kutoka Uingereza yana vipimo vyao vinavyojulikana, la mtu mmoja 135 kwa 200, la watu wawili 200 kwa 200, la kubwa zaidi 225 kwa 220. Kitanda chetu cha futi 4 kwa 6 ni sentimita 122 kwa 183, kwa hiyo kava la 200 kwa 200 linakifunika na kushuka pembeni karibu 40 kila upande, ambayo ndo unataka kama mnalala wawili na mmoja wenu ni mwizi wa blanketi. Futi 3 kwa 6, cha shule, kile 135 kinatosha. Ukishapata kava, tumbo unalikata sawa nalo au unaongeza sentimita 2 mpaka 3 kila upande, likijaa kava linakaa vizuri, likiwa dogo linazunguka ndani kama mguu kwenye gamboti la baba.

Duveti nzima za mivumba nazo zipo, na usipuuze, zile za Uingereza zina lebo ya tog (kipimo cha jinsi duveti inavyoshika joto), 4.5 ni ya kiangazi chao, 10.5 ya kati, 13.5 ya baridi kali. Kwa Kabale mi 10.5 nimeridhika nayo. Ukikuta nzima, safi, ya bei unayoiweza, nunua, shona kava tu, nani kasema lazima uteseke. Ukikuta imechanika ndo ile ya kuchomoa faiba.

Kuhusu kitambaa cha kava kama unashona mwenyewe, mashindano ni kati ya mashuka ya zamani na vitenge, na mi nimetumia vyote. Shuka kuukuu la pamba limeshalainika, halitanywea tena kwa kufuliwa, na ni pana, hutaunga kiungo katikati. Lakini shuka linaisha katikati kabla ya pembeni, pale tunapolalia. Liinue kwenye dirisha, ukiona mwanga unapita kama chandarua, usilitumie hivyo, lipasue katikati kwa urefu, zile pembeni nzima uzilete ziungane katikati, na sehemu chovu ziende pembeni ambako hakuna anayezilalia. Utapoteza upana kidogo wa pindo tu. Mivumba wanauza mashuka mengi ya polyester mchanganyiko pia, hayo yanakauka haraka lakini yanateleza juu ya fliisi na usiku kavu yanapiga shoti ndogo ndogo za umeme, mtu unashtuka.

Kitenge kinapendeza, hakuna ubishi. Pisi ya yadi sita ina upana wa kama sentimita 115 hivi, kwa hiyo duveti ya 150 lazima uunge vipande viwili, na pisi yote inaisha upande mmoja na kidogo. Ndo maana watu wenye akili wanaweka kitenge juu na shuka chini, upande unaogusa ngozi uwe laini. Vipya lazima uvifue kwanza peke yake mpaka maji yawe meupe, rangi itatoka, nyekundu na ile buluu nzito ndo adui, na kitanywea pia, usije ukashona kabla ya kufua ukajikuta na kava la mtoto. Kiyembe pale Kampala mafundi wanabaki na mabaki ya vitenge na ya gomesi (gauni refu la heshima la kina mama wa Uganda), ukienda jioni wakiwa wanafagia unaongea nao vizuri. Vitambaa vya gomesi vyenye kung'aa lakini viache, vinateleza na vinachomoka nyuzi.

Na kwenye hii habari ya mivumba, mwezi wa nane mwaka 2023 rais alipotangaza kule Mbale kwamba nguo kuukuu kutoka nje zipigwe marufuku, mi nilikimbia nikanunua mashuka kumi na moja kwa siku moja, mume wa rafiki yangu akaniuliza kama nafungua lodge. Soko la Owino kule Kampala bado limejaa mivumba mpaka leo. Mashuka yangu sita bado yako kwenye sanduku.

Sasa mdomo wa kava, hapa watu wanagombana zaidi kuliko kwenye kitu cha ndani.

Zipu ni safi machoni na ya haraka kufungua, lakini zipu ndefu ya mivumba ni shida kupata, ya jaketi ni sentimita 60 mpaka 70, na mdomo wa kuingiza duveti ya upana wa 150 unataka angalau mita moja. Utaunga mbili zikutane katikati, sawa inawezekana, fundi atakufanyia. Ikikatika jino moja umekwisha, na meno ya chuma yanakwaruza miguu usiku. Mi zipu naikubali kwenye kava la mtoto wa bweni tu, kwa sababu asubuhi watoto hawana muda na vifungo, na unaweza kutia kikufuli kidogo kama huamini majirani zake wa dabo deka (kitanda cha ghorofa).

Vifungo ni vya bure, shati moja kuukuu mbele lina kama saba, mashati mawili yanamaliza kava. Unaacha sentimita 12 mpaka 15 kati ya kifungo na kifungo, ukizidisha hapo mguu wako utaingia katikati, utajua tu siku utakapojikuta asubuhi umevaa duveti kama suruali. Kazi iko kwenye matundu ya vifungo. Cherehani za zamani hazina mtambo wa matundu, utayashona kwa mkono moja moja, au unakata ule ukanda wa mbele wa shati wenye matundu yake tayari na ule wenye vifungo vyake, unaushona mzima kwenye mdomo wa kava. Hilo ndo nililofanya, mashati mawili ya bluu ya mume wa jirani, matundu na vifungo vilishapimana vyenyewe toka kiwandani. Najivunia hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kushona.

Kamba za kufunga, unakata kutoka pindo la shuka, ni rahisi mno, hata mtoto atashona, haziharibiki, na hakuna cha kuvunjika. Zinaonekana kidogo kama za hospitali lakini kwa kitenge zinapendeza. Ukifua kwa mashine ya kufulia zinajifunga mafundo.

Mkunjo wa bahasha, kama foronya, yaani hakuna kifungo hakuna zipu, kitambaa kinapandiana tu. Kwenye mto ni sawa, kwenye duveti mtu anayegeukageuka ataitoa nje usiku. Unahitaji kupandiana kwa sentimita 30 angalau, hicho ni kitambaa kingine cha kutafuta. Mi hapana.

Chochote utakachochagua, weka kamba ndogo kwenye pembe nne za ndani ya kava na vitanzi kwenye pembe nne za tumbo, ufunge. Dakika kumi za kushona. Bila hizo duveti inashuka chini ya kava na juu unabaki na mashuka mawili matupu yanakuangalia.

Mishono ya kushika tumbo, kwa ufupi. Mablanketi: vifundo vya mkono kila sentimita 20 hivi, uzi mnene wa kushonea magunia au wa kufumia, unapita chini na juu, fundo, kata. Jioni moja umemaliza. Faiba: miraba ya 25 kwa 25 au 30 kwa 30, usipige mistari mirefu peke yake kwa sababu faiba itateremka yote kwenye mstari kama maharage kwenye soksi. Kila mshono ni sehemu nyembamba baridi inakopita, kwa hiyo usizidishe miraba midogo kwa ajili ya uzuri. Kwa cherehani, tabaka nene zinavunja sindano ya kawaida, weka namba 100/16 au zaidi, legeza mguu wa kukandamiza, na mashine ikilalamika isikilize. Fundi wangu alikataa kabisa kupitisha mablanketi mawili ya kijivu, akaniambia "Dada, hii niletee ukiwa umeninunulia cherehani nyingine." Ndo nikajua mkono.

Usafi kabla ya kushona, hapa msikate kona. Kunguni wanasafiri kwenye mishono ya vitu vya mivumba, joto la nyuzi 60 hawaponi, wao wala mayai yao, kwa hiyo mashuka, vitambaa na faiba tia maji ya moto kweli kweli. Sufu ukiitia maji ya moto inanywea, hiyo piga pasi ya moto na kitambaa chenye unyevu juu yake, polepole, hasa kwenye mapindo. Fliisi usiiguse na pasi kali, itayeyuka, inatosha maji ya moto. Kwa nyie wa sehemu za joto kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, mabuu yanaingia kwenye ngozi na kuvimba kama jipu. Kava lipige pasi pande zote mbili, mapindo pia, na tumbo lianike juani mpaka likauke kabisa, si kivulini wala juu ya majani.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimlaze na duveti ya aina yoyote, hata iwe nzuri vipi, itamfunika uso.

Basi nani achukue nini. Mnaokaa kwenye mizigo ya Kampala (vile vyumba vya kupanga), chumba kimoja na kamba moja ya kugombania na majirani sita, usiku kwenu si baridi hivyo, fanyeni blanketi moja tu la fliisi ndani ya kava la mashuka, vifungo vya shati, tumbo mtalifua mara mbili kwa mwaka na kava kila wiki mbili. Wa milimani, Kabale, Kisoro, Kapchorwa, mablanketi mawili au sweta kama una subira, na mdomo wa vifungo ukae upande wa miguuni. Mwenye uwanja mpana, jua la kutosha na mkono mwepesi, faiba itakupa ile kitu ya kuvimba kama hoteli. Mtoto wa bweni: blanketi moja, kava lenye zipu, rangi ya ajabu isiyofanana na ya mwingine, jina limeshonwa kwa uzi siyo kuandikwa kwa peni, maana peni inafutika na mwizi anajua hivyo. Vitambaa vya kukatakata, kama unavyo vingi na unataka kuvitumia, jaza poufu la kukalia.

Ile ya nne niliyomtumia mama Arua, mablanketi mawili ya fliisi, kitenge juu, ukanda wa shati la kijani kwenye mdomo, niliiweka kwenye basi na kupiga simu kila saa mpaka ilipofika. Nilipoenda likizo nikaikuta mkekani, wageni wanaikalia, tumbo limekua godoro. Kava amelivua, anajifunika lenyewe peke yake usiku. "Mwanangu," akaniambia, "hili shuka lako ni zuri sana, ila kwa nini uliliwekea mfuko?"